Dakika Sita za Delyth Probert

"Mpangaji, mkato, kabla ya siku ya kwanza ya kila robo mwaka, mkato, atampa mwenye jengo notisi ya maandishi, nukta."

"Sawa."

"Kifungu kidogo cha pili. Notisi hiyo, fungua mabano, isipokuwa kama…"

"Subiri. Huku kwangu hakuna mabano."

"Hakuna?"

"Hakuna, Zubair. Rudia mstari."

Una Breckon alikuwa amesimama nje ya mlango, ngumi ikiwa hewani. Katika miaka ishirini na miwili ya upelelezi kwenye polisi ya Newcastle alikuwa amesikia mengi nyuma ya milango: vilio, sahani zikivunjika, mtu akichoma karatasi. Hakuwahi kusikia watu wazima wawili wakisomeana mabano saa mbili asubuhi. Akabisha, akaingia.

Kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri alisimama haraka, akabana rundo la karatasi kifuani. Msichana hakusimama. Aliweka kwanza rula chini ya mstari aliofikia, akachora alama ndogo pembeni kwa kalamu nyekundu, ndipo akainua kichwa. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri, na shati lililopigwa pasi kama la askari wa gwaride.

"Mnasoma nini?"

"Mkataba wa pango," alisema msichana. "Kurasa mia na themanini."

"Mashine haziwezi kulinganisha?"

"Zinaweza, na zimeshalinganisha. Mashine inasoma kilichoandikwa. Sisi tunatafuta kilichosahauliwa."

"Halafu mashine ikikosea haifokewi," alidakia kijana. "Lazima awepo mtu wa kufokewa."

"Wewe ndiye Zubair Choudry?"

"Ndiye, mama. Mwanagenzi, robo ya nne ya mafunzo ya miaka miwili, yaani bado nusu mwaka nigeuke binadamu."

"Niachie Bi. Probert kidogo."

Zubair alimtazama mwenzake. Alitaka kusema jambo. Msichana alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana, na kijana akatoka. Una aliona mtikiso ule, akauweka akilini.

Akavuta kiti. "Unajua kwa nini nimepewa mpaka saa kumi na moja jioni?"

"Kwa sababu leo ndiyo siku ya mwisho ya ofisi kupeleka cheti changu cha uadilifu," alisema Delyth Probert. "Kikienda kisafi, Jumatano jina langu linaingizwa kwenye orodha ya mawakili. Kikienda na doa la udanganyifu, haliingii. Si mwaka huu wala mwaka mwingine wowote."

"Umehangaika miaka mingapi kufika hapa?"

"Minane. Ukihesabu na ule niliouza tiketi stesheni ya Cardiff."

"Basi nisaidie nikusaidie. Nisimulie habari za Bi. Lockyer tangu mwanzo, kama vile sijasoma kitu."

Delyth alisimulia kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe, bila kutazama karatasi. Edda Lockyer wa Leeds, umri miaka themanini na mmoja, alikuwa akiuza kiwanda cha biskuti alichorithi kwa baba yake. Alikuwa na sharti moja tu, nalo lilikuwa kifungu cha kumi na nne: mnunuzi asikifunge kiwanda kwa miaka kumi. Delyth ndiye aliyepanda treni kumpelekea rasimu ya nane hospitalini, ambako bibi alikuwa akisubiri kupasuliwa nyonga. Bibi alikisoma kifungu cha kumi na nne mara mbili, akatia saini ukurasa wa mwisho. Ukurasa ule ukarudi London, ukafungiwa kwenye kabati la kurasa ghorofa ya tisa.

"Ndivyo tunavyofanya," alisema. "Saini inatangulia. Ukurasa unakaa kabatini mpaka mwenyewe atoe kauli uambatishwe kwenye mkataba."

"Akatoa kauli?"

"Alhamisi jioni, kwa simu. Maneno yake ninayo: 'Hiyo ya nane, ambatisheni saini yangu.' Nikaandaa bahasha ya rasimu ya nane, nikaweka karatasi ya juu yenye jina langu. Ijumaa tarehe sita saa sita mchana, mauzo yakakamilika."

"Kwa rasimu ya tisa."

"Kwa rasimu ya tisa. Haina kifungu cha kumi na nne. Bi. Lockyer alikuwa kwenye chumba cha upasuaji."

Una alitoa barua mfukoni, akaiweka mezani. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa zilizotetemeka. Wiki mbili baada ya mauzo, mnunuzi alibandika tangazo la kukifunga kiwanda. Bibi aliandika siku ileile. Una alikuwa amezungushia kalamu mstari mmoja: *Yule binti mliyemtuma alinitazama usoni, akanishika mkono, akanidanganya.*

Delyth aliusoma. Kalamu nyekundu ilikuwa bado mkononi mwake. Aliifunga kifuniko, akaiweka chini.

"Kabati linafunguka kwa kadi ya kazini," alisema Una. "Ijumaa ile lilifunguliwa mara moja tu, saa tano na dakika thelathini na nane asubuhi. Kwa kadi yako."

"Nimeambiwa."

"Ilikuwa wapi?"

"Ndani ya koti. Koti lilikuwa kwenye kiti, na kiti kiko chumba ninachokaa na Hugh Penhallow, wakili anayenifundisha. Kila mwanagenzi anakaa na mkubwa wake. Mlango haufungwi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Delyth aliisogeza rula mstari mmoja chini.

"Nimeona daftari lako la muda," aliendelea Una. "Ninyi watu mnaandika kazi zenu kwa vipande vya dakika sita. Lako ni safi kuliko yote niliyoyaona. Siku nzima, kipande kwa kipande, simu hii, barua ile. Isipokuwa kimoja. Kuanzia saa tano na thelathini na sita mpaka arobaini na mbili umeacha wazi. Kadi inafungua kabati katikati kabisa ya pengo hilo. Ulikuwa wapi, Delyth?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

"Mimi si adui yako, mwanangu."

"Najua. Ungekuwa adui ingekuwa rahisi zaidi kunyamaza."

*

Hugh Penhallow alimpokea Una kwa mikono miwili, akammiminia chai kutoka birika lake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, sauti ya upole, picha ya watoto wawili mezani. Mwezi wa tano alitarajiwa kupandishwa kuwa mbia wa ofisi hii ya mawakili, Marchbank Thwaite, na habari hiyo Una aliipata kwa mpokeaji wageni kabla hata hajavua koti.

Katika kona ya chumba kilekile palikuwa na meza ndogo ya Delyth. Majalada yalisimama kwa mstari kama meno. Kwenye kiti lilining'inia koti la kijivu. Una alipima kwa macho: kutoka kiti cha Penhallow hadi koti lile, hatua tatu.

"Nimefundisha wanagenzi tisa," alisema Penhallow. "Huyu anawazidi wote. Wiki ya kwanza nilimpa jalada la kurasa mia nne, nikamwambia alipitie tu. Aliniletea orodha ya makosa thelathini na moja, mawili yakiwa yangu. Niandikie hilo."

"Nimeandika."

"Kwa hiyo sikubali neno udanganyifu. Alichoka. Alikuwa na rasimu ya nane mkono mmoja na ya tisa mkono wa pili. Akachanganya. Ni ubinadamu."

"Nani alikiondoa kifungu cha kumi na nne?"

"Mnunuzi alitaka kiondoke, asubuhi ileile, ama sivyo anavunja mazungumzo saa sita. Nilimwandikia Bi. Lockyer kuomba kibali chake. Mambo yalikwenda kasi. Nilipoona ukurasa umetoka, niliamini kibali kimefika kwa Delyth."

"Wewe saa tano na nusu ulikuwa wapi?"

"Kwenye simu hii hapa na mawakili wa mnunuzi. Kuanzia saa tano hadi saa sita. Sikuweka mkono wa simu chini."

"Hukushuka ghorofa ya tisa?"

"Sijashuka ghorofa ya tisa tangu Krismasi. Kule huenda wanagenzi." Alitabasamu kwa huzuni. "Msaidie, Bi. Breckon. Mpe njia ya kutokea."

Una alikunywa chai. Ilikuwa chai nzuri.

*

Njia ya kutokea ilikuwa tayari imeandikwa. Honor Strickland, mbia mwenye dhamana ya maadili na ndiye aliyemwajiri Una, aliisukuma mezani ofisini kwake saa sita na nusu. Alikuwa mwanamke mkavu, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na alikuwa na tabia ya kukaa kimya mpaka mtu mwingine achoke.

"Isome, Delyth. Usiharakishe."

Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja na nusu. Delyth Probert anakiri kwamba kwa bahati mbaya, bila nia ovu, aliambatisha ukurasa wa saini kwenye rasimu isiyo yake. Ofisi inalipokea kosa hilo kama uzembe wa mara moja. Cheti kitakwenda kwa mamlaka na maelezo mafupi. Jina lake litaingizwa kwenye orodha, pengine kwa kuchelewa miezi michache. Kazi yake itabaki.

Una alimwangalia akisoma. Alikuwa amewaona watu wengi wakisoma maungamo waliyoandikiwa na wengine, na wote walikimbilia mstari wa chini kutafuta pa kutia saini. Huyu alisoma kila neno, kidole kikitembea. Alipomaliza aliomba kalamu.

Strickland akampa.

Delyth aliinama, akakata namba moja kwa mstari mwembamba, akaandika juu yake. Kisha akairudisha barua.

"Kifungu cha kumi na nne kilikuwa ukurasa wa hamsini na nane," alisema. "Hapa imeandikwa sitini na moja. Hilo ni la kwanza."

"Na la pili?"

"La pili ni kwamba si kweli."

"Ungeokoka," alisema Strickland.

"Ningeokoka, halafu Jumatano ningesimama mbele ya watu nikiapa kuwa mkweli, na barua hii ikiwa kwenye droo yako. Hapana, Honor. Asante, lakini hapana."

"Basi mwambie Bi. Breckon ulikuwa wapi dakika zile sita!"

Delyth aliinuka, akarudisha kiti mahali pake. "Nina mkataba wa pango wa kumaliza kabla ya saa nane. Mkinitaka mtanikuta kule."

Mlango ulipofungwa, Strickland aliitazama kalamu yake kana kwamba imebadilika. "Miaka thelathini nimefanya kazi hii," alisema. "Sijawahi kurekebishiwa barua na mtu ninayemfukuza."

"Humfukuzi bado," alisema Una. "Nina saa nne na nusu."

*

Zubair Choudry alikuwa akimsubiri kwenye lifti. Alikuwa ameshika sandwichi ambayo hajaifungua, na mzaha wote wa asubuhi ulikuwa umemtoka usoni.

"Mama, una dakika?"

"Ninazo. Ninyi ndio msiokuwa nazo."

Hakucheka. Alisukuma mlango mzito wa ngazi za moto, akamtangulia ngazi mbili chini, akasimama kwenye kibaraza cha zege kati ya ghorofa ya kumi na mbili na ya kumi na moja.

"Hapa," alisema. "Ijumaa ile, saa tano na nusu hivi, nilikuwa nimekaa hapa. Kifua kimebana, vidole vimekufa ganzi, nikajua ndio mwisho wangu. Kwa siku tano nilikuwa na kesi tatu mkononi na sikutaka mtu ajue kwamba siwezi. Delyth alikuwa anashuka kupeleka karatasi. Akanikuta."

"Akafanya nini?"

"Akaketi. Akaniambia nimhesabie ngazi kwa sauti, kwenda juu, kurudi chini. Nikahesabu mpaka pumzi ikarudi. Hakuita mtu, kwa sababu nilimwomba asiite. Nikamwapisha asimwambie yeyote." Aliigeuza sandwichi mkononi. "Unajua idara yetu ina nafasi moja? Moja, na sisi wawili tunaigombea. Angeweza kunivuka hapa kama gunia, akaendelea na safari yake. Nafasi ingekuwa yake kabla ya chakula cha mchana."

"Una kitu chochote zaidi ya neno lako?"

Alitoa simu, akatafuta ujumbe, akampa. Ujumbe ulitumwa Ijumaa tarehe sita saa tano na dakika arobaini na nne: *Asante. Ngazi kumi na nane. Usimwambie mtu tafadhali.* Jibu la Delyth lilikuwa chini: *Nani? Sijaona mtu. Kunywa maji.*

Una alisoma mara mbili. "Na umekaa na hii wiki tatu?"

"Sikujua! Waliniambia leo tu kwamba wanachomtafutia ni lile pengo la saa tano. Nikamwambia naenda kusema. Akanikatalia. Akasema, 'Ukisema utaonekana dhaifu, watakunyima nafasi.' Yaani yeye anakatwa shingo, anahangaikia nafasi yangu." Alipangusa macho kwa kiganja, kwa hasira. "Wacha waninyime. Andika, mama. Andika jina langu kamili."

Una aliandika. Kisha akauliza lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi.

"Kitu kimoja sikielewi. Angeweza kujaza lile pengo. Angeandika 'kupanga majalada', nani angejua? Kwa nini aliliacha wazi, likamtia matatani?"

Zubair alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Angeliandika kwa mteja gani? Dakika zile hazikuwa za mteja. Zilikuwa zangu. Delyth hamwandikii mteja dakika isiyo yake. Kwenye jengo hili zima ni yeye peke yake anayeacha mapengo, tunamtania kila siku. Sisi wengine tunajaza. Siyo wizi, ni mazoea tu. Ukishakaa hapa miaka, mkono unaandika wenyewe. Hugh anaandika huku anaongea na simu, hata hatazami. Mwaka jana aliandika kipande kimoja cha mazishi ya baba mkwe wake, 'kuhudhuria', ikabidi mhasibu akifute."

Una alisimama. "Rudia hapo."

"Wapi? Mazishi?"

"Mkono unaandika wenyewe."

*

Kumbukumbu za muda zilihifadhiwa kwenye mashine, na kila ingizo lilikuwa na saa lilipoingizwa. Una aliomba zichapwe za siku moja, Ijumaa tarehe sita, kwa kila mtu aliyegusa jalada la Lockyer. Walikuwa watano. Akazitandaza sakafuni katika chumba cha mikutano kisicho na mtu, akavua viatu, akapiga magoti.

Alianza na ya Delyth. Kazi, kazi, kazi, pengo la kipande kimoja, kazi. Msichana aliyejua kwamba kila dakika yake itakaguliwa, akaacha tundu lile mbele ya macho ya wote kwa sababu hakuwa na cha kweli cha kulizibia.

Akahamia ya Penhallow. Mistari ilikuwa imejaa bila upenyo, asubuhi hadi jioni. Akateremsha kidole.

Saa tano kamili hadi tano na thelathini na sita: *Simu, mawakili wa mnunuzi.*

Saa tano na arobaini na mbili hadi saa sita kamili: *Simu, mawakili wa mnunuzi.*

Na katikati, kipande kimoja, kwa mteja Lockyer: *Kabati, kushughulikia ukurasa wa saini.*

Kiliingizwa na mwenyewe, kwa nywila yake, jioni ileile saa moja na dakika tano.

Una alikaa juu ya visigino vyake. Alikuwa amewakamata wezi kwa alama za vidole, kwa damu, kwa mke aliyechoka. Hakuwahi kumpata aliyeuandika wizi wake kwenye fomu na kuutaja muda wake.

Penhallow alipoiona karatasi hakukana. Aliishika kwa mikono yote miwili.

"Sikumbuki kuandika hii," alisema.

"Mkono wako unakumbuka."

"Miaka kumi na moja." Aliirudisha mezani taratibu. "Mnunuzi alikuwa anaondoka. Bibi alikuwa chini ya kisu. Niliwaza, akiamka nitampigia, atakubali. Kuuza bila kifungu ni bora kuliko kutouza kabisa. Nilikuwa na uhakika atakubali."

"Na kadi?"

"Yangu ilikuwa ndani ya mkoba. Yake ilikuwa pale." Alitazama koti la kijivu, akayahamisha macho upesi. "Sikuichukua ili kumtia hatiani. Nakuapia. Nilikuwa na haraka."

"Nakuamini. Ila barua ya bibi ilipofika hukuwa na haraka tena. Ulikuwa na wiki nzima ya kusema. Leo umenimiminia chai, ukamsifu, ukaniomba nimpe njia ya kutokea."

Penhallow alisogea dirishani. Nje ya kioo winchi ya ujenzi ilikuwa ikizunguka polepole juu ya paa za mtaa wa Moorgate.

"Delyth anajua?" aliuliza.

"Bado."

"Sikumfundisha mimi," alisema Penhallow ghafla. "Nataka ujue. Ile namna yake ya kufanya kazi, alikuja nayo."

*

Saa tisa na robo Honor Strickland alitia saini cheti cha uadilifu, kisafi, bila maelezo, akakituma mbele ya macho yao. Delyth alikuwa amesimama karibu na mlango, bado ana rula mkononi. Una alikuwa amemweleza yote kwa maneno machache. Alipolisikia jina la Hugh, msichana alikaa kwenye mkono wa kiti, akainuka tena.

"Jumatano saa tano," alisema Strickland. "Usichelewe. Hongera."

"Asante." Delyth hakuondoka. "Nani anamwambia Bi. Lockyer?"

"Nitamwandikia. Kamati inakaa Jumatatu, baada ya hapo…"

"Leo ni Ijumaa."

"Najua leo ni siku gani."

"Siku tatu zaidi, Honor. Siku tatu analala akijua kwamba nilimshika mkono nikamdanganya. Na watu wa kiwanda wanahesabu siku zao. Kanuni inasema mteja aambiwe mara kosa linapojulikana. Limejulikana." Sauti yake ilitetemeka kwa mara ya kwanza siku ile, lakini hakuishusha. "Umenitumia cheti cha uadilifu dakika tano zilizopita. Nianze kukitumia lini?"

Strickland alifanya lile jambo lake la kukaa kimya. Delyth hakuchoka. Aliyechoka safari hii alikuwa mwenye nywele nyeupe. Akaisukuma simu mezani, akabonyeza kipaza sauti.

"Piga. Nikiwepo."

Delyth alibonyeza namba kutoka kichwani. Simu iliita mara saba.

"Naam?" Sauti ilikuwa nyembamba, ya Yorkshire, na kali. Nyuma yake redio ilikuwa ikitangaza mbio za farasi.

"Bi. Lockyer, habari za mchana. Ni Delyth Probert, wa London."

Redio ikazimwa.

"Wewe! Una uso wa kunipigia simu, binti?"

"Ninao. Nakuomba unisikilize, kisha unitukane kadiri upendavyo."

"Nina miaka themanini na mmoja na nyonga ya chuma. Sema haraka."

"Hukukosea uliposoma. Kifungu chako kilikuwepo. Ukurasa wenye saini yako ulitolewa ndani ya ofisi yetu, ukawekwa kwenye mkataba ambao hukuuona. Si mimi niliyefanya hivyo, lakini ilifanyika humu, kwetu, na mtu wetu. Sasa kuna ushahidi."

Una alijikuta ameshika ukingo wa meza.

"Aliyefanya ni nani?" aliuliza bibi.

Delyth alimtazama Strickland. Strickland akaitikia kwa kichwa.

"Nitakuambia uso kwa uso, si kwenye simu."

"Na wafanyakazi wangu? Wanafungiwa mwisho wa mwezi wa tano. Mia mbili na kumi na wawili, na nusu yao nawajua mpaka wajukuu. Wao wanakula ushahidi?"

"Hapana. Ndiyo maana huwezi kututumia sisi tena. Unahitaji wakili mwingine, wa ofisi nyingine kabisa, asiyetudai wala kutuogopa, akakipiganie kifungu cha kumi na nne mahakamani."

"Apigane na nani?"

"Mnunuzi. Na sisi, ikibidi."

"Dhidi yenu wenyewe?" Bibi alicheka, cheko fupi, kavu, la kutoamini. "Na nani atanitafutia mtu wa namna hiyo? Wewe?"

Delyth aliinamia simu, mikono yake miwili ikiwa imetandazwa mezani.

"Mimi. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa mlangoni kwako Leeds, pamoja na Bi. Strickland, na kila karatasi tuliyo nayo, hata zile zitakazotuumiza. Nitakuletea majina matatu ya mawakili, utachagua mwenyewe. Na sitapanda treni ya kurudi kabla sijakuona umeketi mbele ya mmoja wao. Nakuahidi, Bi. Lockyer."